Bei ya gari ihesabiwe hadi Chake Chake

KILA msimu mzuri wa karafuu unapomalizika, soko la magari yaliyotumika hupata wateja wapya kutoka Pemba. Fedha za karafuu huja kwa mkupuo, na mwenye nazo huzitafutia pa kuzaa kabla hazijaishia kwenye mabati na harusi. Wengi huchagua gari, liwe la abiria, la mizigo midogo au la kukodisha. Uamuzi huo si mbaya. Kisiwa kina watu zaidi ya 540,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na mahitaji ya usafiri kati ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde hayakatiki masika wala kiangazi.

Kinachowaumiza wanunuzi wengi si uamuzi wa kununua gari bali hesabu wanayoitumia kulinunua. Yadi za kuchagulia ni chache Pemba, kwa hiyo gari hununuliwa ng'ambo ya bahari: Unguja, Dar es Salaam, Dubai au Japan. Bei anayotajiwa mnunuzi ni bei ya huko liliko gari. Mfanyabiashara wa Konde hulinganisha milioni 11 za Dar es Salaam na milioni 12 na nusu za Unguja, akaona amepata nafuu ya milioni moja na nusu, akafunga safari. Nafuu hiyo hupotea kabla gari halijashuka Mkoani, na mara nyingine huenda na zaidi yake.

Si fedha ndogo zinazochezewa hapa. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) lililipa kwa misimu kadhaa katika miaka ya 2010, gari la milioni 12 ni zaidi ya kilo 850 za karafuu kavu. Hizo ni karafuu zilizopandiwa mikarafuu, zikachambuliwa usiku na kuanikwa majamvini na familia nzima. Kwa wengi ndiyo akiba yote ya msimu.

Gari linaloagizwa Japan ndilo lenye hesabu ndefu kuliko yote. Magari huwa mengi na rahisi kule kwa sababu sheria inataka gari dogo jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Mjapani huona afadhali auze anunue jingine. Gari huingia mnadani likiwa na karatasi yake ya mnada inayotaja daraja, kilomita lilizotembea na kasoro zake. Daraja la 4 ni zuri. Herufi R humaanisha gari liliwahi kugongwa au kutengenezwa sehemu kubwa. Karatasi hiyo ipo kwa karibu kila gari lililopita mnadani, na muuzaji makini huitoa akiombwa. Anayeikalia anajua sababu. Jina la muuzaji nalo liangaliwe kama limo katika orodha ya chama cha wauzaji magari nje cha Japan, JUMVEA, kabla ya kutuma hata dola moja, maana fedha hutumwa gari likiwa bado huko na hakuna hakimu wa Chake Chake atakayezirudisha.

Kushuka kwa yeni kumewafanya wengi waamini kwamba magari ya Japan sasa ni ya bure. Ni kweli kwamba katikati ya 2024 dola moja ilifika yeni 160, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1986. Lakini Mtanzania hanunui kwa yeni zilizo mfukoni mwake. Shilingi nayo ilitoka karibu 2,300 kwa dola mwaka 2022 ikapita 2,700 mwaka 2024 kabla ya kurudi nyuma. Nafuu iliyopatikana kwa Wajapani sehemu yake ililiwa hapa hapa nyumbani.

Halafu ipo forodha. Ushuru wa gari ni asilimia 25 ya thamani pamoja na bima na nauli ya meli, na kiwango hicho ni kimoja kwa Bara na Visiwani tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005. Juu yake huja ushuru wa bidhaa kufuata ukubwa wa injini, nyongeza ya uzee wa gari, kisha kodi ya ongezeko la thamani, na kila moja hupigwa juu ya jumla ya zilizotangulia. Kwa viwango vya Bara, gari dogo la injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000 lililopita umri wa miaka 10 hutozwa asilimia 5 kwa injini na asilimia 30 kwa uzee, kabla ya asilimia 18 za ongezeko la thamani. Ukiipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Mwenye dola 3,000 hana gari la dola 3,000. Ana nusu yake.

Jambo ambalo wanunuzi wa mara ya kwanza hulisahau ni kwamba thamani inayotozwa kodi si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa kukadiria thamani za magari yaliyotumika kwa aina, mwaka na injini. Aliyebahatika kulipata gari kwa bei ya kutupa hukuta limekadiriwa kwa bei ya wenzake. Mfumo huo unaweza kutazamwa kabla ya kuagiza. Asiyeutazama anaagiza kwa kubahatisha.

Wapo wanaokimbia yote hayo kwa kununua gari lililokwisha ingia Dar es Salaam. Huko gari huonekana kwa macho, huwashwa, huendeshwa, na fundi huweza kulala chini yake. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zimepiga marufuku kutaja na kudai bei kwa dola katika biashara ya ndani, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kutajiwa shilingi. Kodi imelipwa, namba ya T ipo, kadi ipo. Kimebaki nini?

Kimebaki kwamba Jamhuri ni moja na sajili za magari ni mbili. Gari la Bara huvaa namba inayoanza na T, la Zanzibar inayoanza na Z, na kila moja lina ofisi yake na kadi yake. Gari la T linaweza kuvuka kwa matembezi. Likitaka kukaa Pemba na kufanya biashara ya abiria au mizigo, ni lazima liingie katika usajili wa Zanzibar, na hapo huanza safari ya makaratasi: kadi ya asili, uthibitisho wa kodi iliyolipwa, ukaguzi, ada, namba mpya, bima. Kadi ikiwa bado inasoma jina la mwenye gari wa zamani, kwa kuwa dalali aliuza bila kuhamisha umiliki, mnunuzi hurudishwa Dar es Salaam kumtafuta mtu asiyemjua. Wiki tatu gari likiwa limeegeshwa Chake Chake ni wiki tatu za nauli zisizokusanywa, na kama lilinunuliwa kwa mkopo, riba haingojei namba.

Upande wa pili wa mlango huo ndio mbaya zaidi. Gari la Z likirudi Bara kuuzwa hudaiwa tofauti ya kodi. Sababu inayotolewa inaeleweka: kodi ya ongezeko la thamani ya Zanzibar ni asilimia 15 na ya Bara ni 18, na makadirio ya thamani hayakuwa sawa siku zote. Katika miaka ya 1990 bidhaa nyingi zilishushwa Zanzibar kwa viwango vya chini kisha zikavushwa Bara, na Hazina ikaumia. Lakini matokeo yake kwa mwekezaji mdogo ni kwamba siku anapolipa namba ya Z, soko la kuuzia gari lake hupungua kutoka nchi iliyohesabiwa watu milioni 61 katika sensa ya 2022 hadi visiwa vilivyohesabiwa watu wasiofika milioni mbili. Gari ni mali inayochakaa kila siku; bei ya kuliuza tena ni nusu ya biashara. Mtu wa Tanga au Morogoro akishindwa na mkopo, huuza gari lake popote kuanzia Mtwara hadi Mwanza. Wa Wete humuuzia wa Wete mwenzake, na wote wawili wanajua karafuu za mwaka huo zilikuwaje. Msimu ukiwa mbovu, wauzaji ni wengi na wanunuzi hawapo.

Kwa hesabu hiyo, mtu wa Pemba mwenye mtaji wa gari moja afadhali alipe zaidi Unguja kwa gari ambalo tayari lina namba ya Z na kadi safi kuliko kufuata rahisi ya Bara. Milioni moja na nusu ya ziada inanunua uhakika kwamba gari litafanya kazi wiki ile ile litakaposhuka Mkoani. Anayetaka kuagiza Japan mwenyewe na aagize kwa kuandika Zanzibar kuwa bandari ya mwisho, kisha aongeze nauli ya kuvuka hadi Pemba tangu mwanzo. Hakuna meli ya magari kutoka Japan inayotia nanga Mkoani.

Ushauri huo hauwafai wote. Anayetafuta lori la Fuso au Isuzu la kubeba mchanga na mawe huenda akazunguka Unguja nzima asipate la kuridhisha, na Dar es Salaam ndiko kwenye wigo mpana. Mtaji wa lori unaweza kubeba gharama za usajili wa pili. Wa gari dogo hauwezi. Wenye ndugu Mombasa nao hushawishika na yadi za kule, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari yao ni mapya zaidi na bei yake ni ya juu zaidi, kisha kuna mpaka wa nchi, si wa visiwa tu.

Aina ya gari nayo ina hesabu yake ya kienyeji. Suzuki Carry, ile ambayo Bara huiita kirikuu, ina injini isiyozidi sisi 660, nayo Pemba ni kisiwa cha vilima. Ikipakiwa magunia kama inavyopakiwa Dar es Salaam, itapanda mara chache. Probox hula mafuta kidogo na spea zake ni rahisi kupatikana Unguja. Chini ya gari ndiko kwa kuangaliwa kuliko rangi: gari lililotoka mikoa ya baridi ya Japan limekanyaga chumvi ya kuyeyushia theluji, na likija kukaa karibu na bahari kutu haichukui miaka mingi kula sakafu.

Serikali mbili haziwezi kusema hazijui. Usajili wa vyombo vya moto umo katika orodha ya hoja za Muungano zilizojadiliwa kwenye vikao kwa miaka mingi, na kila kikao kimetoa taarifa ya matumaini. Ushuru wa forodha ni mmoja na anayeukusanya, TRA, ni mmoja pande zote mbili. Kilichobaki ni pointi tatu za kodi ya ongezeko la thamani na makadirio, ambavyo vingeweza kulipwa mara moja bandarini kwa risiti moja inayotambulika Dar es Salaam na Chake Chake. Kama kuna mapato yatakayopotea kwa utaratibu huo, yatajwe hadharani ni kiasi gani, ili wafanyabiashara walinganishe na wanachopoteza wao.

Hadi hapo itakapokuwa, mnunuzi ana njia moja ya kujikinga isiyogharimu zaidi ya nauli ya daladala. Kabla ya kutuma fedha, amtake muuzaji ampe nakala ya kadi, namba ya chesisi na ya injini, na risiti za kodi. Aende nazo katika ofisi ya mapato ya Zanzibar iliyoko Pemba na aulize jambo moja tu: gari hili likishuka Mkoani, litadaiwa nini, na kwa karatasi zipi? Jibu aliandike, alijumlishe na bei aliyotajiwa, aongeze nauli ya meli, wakala na bima ya mwaka wa kwanza. Tarakimu itakayopatikana ndiyo ya kulinganishwa na gari la Unguja, na ndiyo ya kwenda nayo benki kwa anayetaka mkopo, kwa kuwa ofisa wa mikopo akipewa bei ya Dar es Salaam peke yake atatoa mkopo wa gari litakalokwama bandarini.

Kwa wale watakaonunua kwa fedha za msimu, zipo wiki chache kati ya malipo ya ZSTC na wakati madalali wanapojua kwamba Pemba ina fedha. Bei za magari madogo Unguja hupanda katika kipindi hicho, na si kwa sababu ya dola. Aliyemaliza kuuliza maswali yake wakati karafuu zikiwa bado mtini hununua mapema kuliko wenzake.