Oili Katika Rejeta Si Hukumu ya Injini



Katika mambo yanayowatia watumishi wa Serikali madeni siku hizi, motokaa iliyokwisha kutumika yashika nafasi ya mbele. Karani akopa kwa dhamana ya mshahara wake, gari lafika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, na kabla deni halijafika nusu, asubuhi moja afungua kifuniko cha rejeta akuta maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Humwendea fundi, na fundi, pasipo kushika hata kifaa kimoja, hutamka kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa, au kwamba injini nzima haifai, itafutwe nyingine. Twaona imetupasa kusema neno hapa, maana hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi, nayo hulipwa kwa karo za watoto.

Kwanza yafaa kujua kama kilichoonekana ni oili kweli. Gari lililonyweshwa maji ya bomba miaka mingi hufanya kutu, na kutu hugeuza maji kuwa ya kahawia. Kulanti za aina mbili zisizopatana zikichanganywa huweza kufanya uji mzito. Dawa ya kuziba matundu ya rejeta, ambayo muuzaji mwenye hila huimimina ili uvujaji usionekane siku ya kuuza, nayo huacha utope. Basi injini ikiwa imepoa kabisa (kifuniko cha rejeta yenye moto kimewaunguza watu wengi nyuso), chota maji kidogo, yatie katika chupa nyeupe, uyaache usiku kucha. Oili huelea juu; kutu hutuama chini. Jaribio hili halina gharama, na kila mwanachama aweza kulifanya kabla ya kununua gari, wala si baada tu.

Ikiwa ni oili, swali lifuatalo ni hili: ni oili gani, nayo imepita wapi? Hapa ndipo wengi hupotezwa. Katika magari mengi yenye giaboksi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe, katika bomba lililozungukwa na maji. Bomba hilo likitoboka, vitu viwili hivyo huchanganyika, na gasketi haina hatia yo yote. Oili hiyo ikiwa bado mpya ni nyekundu, na mchanganyiko huwa wa rangi ya waridi. Ikiwa imezeeka, rangi haitatoa ushahidi. Hivyo na itazamwe oili ya giaboksi pia. Ikionekana kama maziwa, gari lisiendeshwe hata hatua moja, bali livutwe, kwa kuwa maji na kulanti huharibu bitana za kilachi zilizo ndani, na hapo rejeta iliyotoboka huzaa gharama ya giaboksi nzima. Katika Nissan Pathfinder za mwaka 2005 hadi 2010 udhaifu huu ulijulikana sana huko Marekani, hata ukafikishwa mahakamani.

Njia ya pili ni kifaa cha kupoza oili ya injini, kilichomo katika magari mengi, hasa ya dizeli. Injini ikinguruma, oili husukumwa kwa nguvu kupita ile ya maji. Kwa hiyo ufa ukitokea pale, oili huingia katika maji, na huenda oili yenyewe ikabaki safi kwa muda. Mwenye kuona maji machafu na oili safi asikubali upesi injini ifunguliwe.

Njia ya tatu ndiyo gasketi, au ufa katika silinda hedi. Lakini hii nayo aghalabu huwa na dalili zake: gari limewahi kuchemka, mipira ya maji yawa migumu mara tu injini iwashwapo ingali baridi, mapovu yapanda katika rejeta bila kukoma, moshi mweupe watoka nyuma hata injini ikiwa imepata moto. Kuna dawa ya buluu ambayo hewa ya rejeta hupitishwa ndani yake; katika injini ya petroli, ikigeuka manjano, moshi wa silinda umeingia katika maji. Kuna na pampu ya kujaza nguvu katika rejeta kwa kipimo kilichopigwa juu ya kifuniko, ili kuona kama inashuka. Na rejeta ikishushwa, bomba la giaboksi hupimwa kwa kuzibwa upande mmoja na kutiwa upepo. Penye tundu patatoa mapovu.

Walakini hatupendi kuwatupia mafundi lawama yote. Wenzetu wengi hawataki kulipa fedha ya kupima. Husema, “Kutazama tu, na wewe wanitoza?” Basi fundi asiyelipwa kwa kutazama hulipwa kwa kufungua, na huona afadhali kufungua kilicho kikubwa. Rai yetu ni kwamba upimaji uwe kazi kamili yenye malipo yake, yapatanwe mapema, na fundi aandike alichopima na alichokiona, kama sisi tunavyoandika katika majalada. Asiyeweza kuandika sababu asiruhusiwe kushusha silinda hedi.

Tena, baada ya kutengeneza, oili iliyoganda humo haitoki kwa kuoshwa mara moja. Itaelea tena baada ya siku chache, na mwenye gari atarudi gereji kwa hasira akidhani kazi haikufanywa. Na aoshe mara kadhaa kwa dawa ya kukata mafuta, kisha aitazame mipira ya maji, kwani oili huifanya ivimbe na kulegea, nayo ibadilishwe kabla haijapasuka safarini.