JIWE LILIZUIA RISASI, NJAA HALIKUIZUIA



Vijana wa kisomo cha jioni wametuuliza: ikiwa maji ya dawa hayakuzuia risasi, watu wa Vita vya Maji Maji walipona vipi? Tunawajibu: wengine walipona kwa pango.

Kule Umatumbi, wilaya ya Kilwa, yapo mapango ya Nang'oma. Mawe yake ni ya chokaa. Mvua ikizama ardhini huchukua ukali kidogo wa hewa ya udongoni, ikawa inalila jiwe taratibu, maelfu kwa maelfu ya miaka. Hata kwetu Newala maji huzama mchangani yakaenda kutokea bondeni. Ila kule yamechimba nyumba.

Wazee waliheshimu mahali pa namna hiyo kuwa pa mizimu. Tusiwacheke. Imani hiyo ndiyo iliyofanya Kinjikitile Ngwale asikilizwe. Inasimuliwa kuwa mwaka 1904, huko Ngarambe, alizama bwawani akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Agosti Mjerumani akamnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini moto ulikwisha kuwaka. Mwaka huohuo ukafika kwetu Masasi, misheni ikachomwa.

Wamatumbi wakajificha mapangoni. Hapo Mjerumani akabadili silaha: akachoma vijiji, mashamba na maghala. Pango halioti muhogo! Baadhi ya wanahistoria wanakadiria waliokufa katika vita ile kuwa 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi.

Basi sisi tunasema hivi. Kuwasifu mashujaa bila kushika somo lao ni kupiga ngoma tupu. Leo hakuna anayetuchomea ghala; tunalimaliza wenyewe. Juni tunauza mahindi mpaka debe la mwisho, eti korosho zitalipa. Januari tunazunguka kwa jirani na kibaba mkononi. Hivi hiyo ni akili?

Tunapendekeza kila nyumba iweke chakula cha kufika mavuno, na asiye na pa kuweka apewe nafasi katika ghala la ushirika. Jambo hili lijadiliwe mkutano ujao, na akina mama waseme kwanza, maana wao ndio wanaojua chungu kinalala lini.

Akiba haiozi.

Katibu wa Tawi