Hati ya Baraza la Usuluhishi: Karatasi Moja Inayoamua Hatima ya Shauri la Talaka

Shauri la talaka linaweza kusikilizwa kikamilifu katika Mahakama ya Mwanzo, mashahidi wakatoa ushahidi, mali zikaorodheshwa, hukumu ikasomwa na rufaa zikakatwa, kisha kazi yote hiyo ikabatilishwa na mahakama ya juu kwa sababu ya karatasi moja. Karatasi hiyo ni hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambayo kwa mujibu wa sheria hutangulia shauri lenyewe. Wananchi wengi huiona kama utaratibu mdogo wa ofisini. Mahakama huiona kama msingi ambao bila huo shauri halina pa kusimama.

Talaka, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto kwa Tanzania Bara husimamiwa kwa sehemu kubwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Kwa upande wa Zanzibar, ambako sheria hiyo haitumiki, mashauri ya ndoa za Kiislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi. Sheria ya Bara imetoa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa kwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, na mwananchi anaweza kuanzia katika mojawapo ya ngazi hizo.

Wananchi wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu zinazoeleweka. Iko karibu na makazi yao, shughuli zake huendeshwa kwa Kiswahili, na taratibu zake zimewekwa ili mtu wa kawaida aweze kujieleza mwenyewe mbele ya hakimu. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama hizo, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipofungua mlango huo. Hata hivyo, wadaawa wengi bado hufika bila wakili. Urahisi huo ni faida kubwa, lakini una upande wake wa pili: kasoro iliyofanyika kabla ya shauri kufunguliwa inaweza isigundulike hadi shauri lifike kwenye rufaa.

Sheria inasema kwamba hakuna mtu atakayeomba talaka mahakamani kabla ya kupeleka mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza hilo likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Aidha, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiwezi kuombewa talaka bila ruhusa ya mahakama, ambayo hutolewa pale mwombaji anapoonyesha kuwa anapata mateso yasiyo ya kawaida.

Mabaraza hayo yapo katika ngazi ya kata, na yapo pia yaliyoundwa kwa ajili ya jumuiya maalumu, zikiwamo jumuiya za kidini. Baraza huwa na mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kazi yake ni kuwaita wanandoa, kuwasikiliza na kujaribu kuwapatanisha. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mbele yake. Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa nyumba, shamba au mifugo. Likishindwa kupatanisha, wajibu wake ni kutoa hati inayoeleza kile lilichokibaini, na linaweza kuambatanisha mapendekezo yake.

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kosa la kwanza ni kukosea ofisi. Barua ya mtendaji wa mtaa, muhtasari wa kikao cha wazee wa ukoo au maelezo ya mshenga haviwezi kuchukua nafasi ya hati ya Baraza, hata kama wote waliohusika walisuluhisha kwa nia njema na kwa siku nyingi. Kosa la pili ni kukosea kata. Sheria inaelekeza kuwa Baraza lenye mamlaka ni lile la kata anayoishi mume, isipokuwa pale mume asipokuwa mkazi wa Tanzania, ambapo hutumika kata ya mke, au pale wanandoa wote wanapokuwa wa jumuiya yenye Baraza lake. Mwanamke aliyerudi kwa wazazi wake baada ya mgogoro, akalalamika katika kata ya nyumbani kwao, anaweza kutoka na hati yenye muhuri lakini iliyotolewa na chombo kisichohusika.

Kosa la tatu ni muda. Hati inayoambatanishwa na maombi ya talaka inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi hayo kuwasilishwa. Mwanandoa aliyepewa hati, akaitunza kwa mwaka mmoja akitumaini mwenzake atabadilika, atalazimika kurudi tena kwenye Baraza. Kosa la nne ni la Baraza lenyewe, pale hati inapotaja tu kuwa wahusika wapelekwe mahakamani bila kueleza kilichosikilizwa wala kwamba usuluhishi umeshindikana.

Sheria, hata hivyo, haikumfungia njia mtu ambaye usuluhishi kwake hauwezekani. Hati ya Baraza haihitajiki pale mwombaji anapodai kuwa ametelekezwa na hajui mwenzake aliko, au mwenzake anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kurejea ndani ya miezi sita. Haihitajiki vilevile pale mwenzake alipoitwa na Baraza akakaidi kwa makusudi, anapotumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, au anapodaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika. Mwisho, mahakama inaweza kuridhika kuwa zipo sababu za kipekee zinazofanya usuluhishi usiwezekane. Kwa hiyo, dhana kwamba mume au mke anaweza kuzuia talaka kwa kukataa tu kufika barazani si sahihi.

Uzito wa sharti hili umesisitizwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya mwaka 2019, Mahakama hiyo ilieleza kuwa maombi ya talaka yaliyofunguliwa bila kutimiza matakwa ya sheria kuhusu hati ya Baraza yaliwasilishwa kabla ya wakati wake. Shauri lililoanza kwa namna hiyo haliwezi kuokolewa na wingi wa ushahidi uliofuata.

Athari za ubatili huo hazikomei kwenye majalada. Talaka ikibatilishwa, ndoa inarudi kuwa hai kisheria, na amri nyingine zilizosimama juu ya talaka hiyo, ukiwamo mgawanyo wa mali, huanguka nayo. Mwanamke aliyekwisha kufunga ndoa nyingine hujikuta na ndoa mbili kwa mpigo, jambo ambalo sheria hailitambui. Aliyepewa sehemu ya nyumba hurudi mwanzo, pengine baada ya miaka kadhaa, wakati mashahidi wamehama na stakabadhi zimepotea. Watoto nao hawasubiri majalada: mtoto aliyekuwa na miaka minne shauri lilipofunguliwa anaweza kuwa darasa la nne linapoanza upya.

Kwa wanandoa Waislamu wa Tanzania Bara, lipo jambo la ziada la kuzingatia. Talaka aliyoitamka au kuiandika mume haitoshi peke yake kuvunja ndoa mbele ya sheria. Utaratibu ni Baraza kuthibitisha kwanza kuwa limeshindwa kusuluhisha, kisha kufanyika tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, na hatimaye mahakama kutoa amri ya talaka. Mpangilio wa hatua hizo una maana. Karatasi ya talaka isiyo na hati ya Baraza wala amri ya mahakama humwacha mwanamke katika hali ya kuachwa kidini bila kuachwa kisheria.

Hati sahihi ikishapatikana, ndipo mahakama huingia katika kiini cha shauri. Hakimu hupima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, akiangalia mambo kama ukatili, uzinzi, kutelekezwa au kutengana kwa muda usiopungua miaka mitatu. Katika mali, mahakama hugawa zile zilizochumwa kwa jitihada za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni ya familia na mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya hapo kuelemea usawa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Madai Na. 9 ya mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinatambuliwa kuwa mchango katika upatikanaji wa mali. Katika malezi, ustawi wa mtoto ndio kipimo cha kwanza, na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba ipo dhana, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba ni vema akae na mama yake.

Haki hizo zote, zilizojengwa kwa miongo kadhaa, zinategemea mlango uliofunguliwa sawasawa. Sharti la usuluhishi lenyewe lina hekima yake, kwani linatoa nafasi kwa ndoa inayoweza kuponywa kabla ya wanandoa kukabiliana kama wadaawa. Tatizo ni kwamba gharama ya kosa la kiutaratibu humwangukia zaidi mwenye uwezo mdogo wa kuanza upya, ambaye mara nyingi ni yule anayelea watoto. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa hati unapaswa kufanyika siku ya kwanza, shauri linapopokelewa, badala ya kusubiri rufaa. Wajumbe wa Mabaraza nao wanahitaji kuelewa kuwa hati wanayoiandika kwa dakika chache ndiyo itakayosomwa na majaji miaka mingi baadaye.

Zipo hatua zilizochukuliwa kuelekea huko. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hufanya kazi karibu na wananchi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imepeleka elimu na ushauri wa kisheria bila malipo katika mikoa, migogoro ya ndoa ikiwa miongoni mwa yanayoshughulikiwa. Katika Jiji la Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kimeweka mashauri ya mirathi na ndoa chini ya paa moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu.

Kwa mwananchi anayekusudia kufungua shauri la talaka, mambo ya kuhakikisha ni machache: Baraza liwe lenye mamlaka, hati iseme wazi kuwa usuluhishi umeshindikana, na shauri lifunguliwe kabla ya miezi sita kupita. Wakati shauri likiendelea, akumbuke pia kuwa sheria hairuhusu mwenzake kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yake. Kurudi barazani kusahihisha hati huchukua siku chache tu, ilhali kuanza shauri upya baada ya rufaa hugharimu miaka.