Stika ya i7 Isikuingize Mjini

Wiki hii nina ujumbe kutoka Tumbe, kule kaskazini ya Pemba. Mwenyewe kijana wa dagaa: usiku wa giza yuko baharini na taa, mwezi ukishamea yuko ndani na gemu. Misimu miwili kajibana, kafikisha laki tisa. Kilaptopu chake kina RAM ya GB 4, na akifungua GTA V, mchezo ulioingia kwenye kompyuta tangu 2015, picha inadonoadonoa kama kuku. Sasa duka moja la Unguja limemwekea mtumba wenye stika ya i7 kwa laki nane na nusu. Anauliza: “Kaka, nitume pesa?”

Usitume, mdogo wangu!

Nilimwambia aulize namba kamili. Ikaja: i7-4600U. Basi kasheshe lote limo humo. Ile 4 baada ya kistari ni kizazi cha nne, mali ya 2013. Hiyo U mwishoni maana yake prosesa ya kubana umeme, siyo ya kubeba magunia. Ndani ina koa mbili tu, na kadi ya picha ya peke yake hakuna. i5-8300H ya 2018 ina koa nne na itaiacha mbali, japo stika yake inaonyesha namba ndogo. Halafu Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo angenunua kitu ambacho mlango umeshafungwa.

Mpya ya gemu kwa laki tisa usiiote. Tafuta mtumba, lakini pesa yako iende kwenye kadi ya picha kwanza. GTX 1050 ilianza kuingia kwenye laptopu 2017, GTX 1650 ikafuata 2019. Ukipata hiyo ya pili yenye GB 4 zake, shika. Kwa nini kadi? Kwa sababu laptopu nyingi kadi imechomelewa kwenye bodi, huibadilishi. RAM na SSD utaongeza msimu ujao wa dagaa. Wauzaji wanajua hilo, ndiyo maana wanakupamba na RAM GB 16 wakati kadi hamna.

Pesa isitoke mpaka ndugu yako aliyeko Unguja aende akaiwashe. Acheze gemu nusu saa nzima, chaja ikiwa imechomekwa. Kama feni inapiga kelele za mashine ya kusaga na picha inaanza kuvuta miguu, ni vumbi au joto, aombe wasafishe au aondoke. Aandike powercfg /batteryreport kwenye lile dirisha jeusi la amri, aone betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na gani. Chaja nayo aitazame: laptopu za namna hii nyingi zinataka wati 120 au zaidi. Ukipewa kichaja cha wati 65, gemu itanyong'onyea.

Najua kuna watakaosema bora kompyuta ya mezani, kwa pesa hiyo ina nguvu zaidi. Sibishi. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini umeme ni umeme, ukikatika ya mezani inazima hapo hapo na mechi yako. Laptopu inakuachia betri umalizie. Ila usiiweke juu ya godoro, inakosa pumzi, wala dirishani upande wa bahari, chumvi inakula vyuma vyake.

Swali lake la mwisho: mama anajua laptopu ni ya chuo, amwambie nini? Amwambie ni ya vyote viwili, kwani kazi za chuo itazifanya bila jasho. Ajiandae tu kuulizwa kwa nini chaja ya kusomea ni nzito kama nanga.