Bwawa la Udongo na Maji Yaliyozidi

Mkulima ajengapo bwawa dogo la kumwagilia shamba lake, huyafikiria sana maji atakayoyaweka, na kuyasahau yale atakayoyaacha yapite. Kusahau huko ndiko kunakobomoa mabwawa. Ukuta wa udongo hauvumilii maji kupita juu yake. Yakianza kufurika hukata mfereji mwembamba, mfereji hupanuka, na baada ya muda mfupi ukuta wote huchukuliwa.

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, katika majira ya mvua kubwa, bwawa la udongo la shamba moja huko Solai, Nakuru, lilipasuka. Maji na matope yaliwafikia watu majumbani mwao, na zaidi ya 40 walikufa. Bwawa la mtu mmoja, basi, ni jambo la jirani zake wote walio chini yake. Ndiyo maana sheria ya Kenya yamtaka mtu azuiaye mto kwa kumwagilia shamba apate kibali kwanza.

Njia ya maji yaliyozidi ichimbwe kando ya ukuta, katika ardhi imara, si juu ya udongo uliojazwa. Ioteshwe nyasi, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha ukuta kwa futi 3 hivi. Upana wake usipimwe kwa ukubwa wa bwawa, bali kwa ukubwa wa nchi iletayo maji. Bwawa dogo lililo chini ya bonde kubwa lahitaji njia pana.

Ukuta wenyewe ujengwe kwa udongo wenye mfinyanzi, ulioloweshwa kidogo, na kushindiliwa kila tabaka la inchi 6. Usipandwe miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha matundu. Ng'ombe nao wanyweshwe penginepo, wasije wakaukanyaga.

Huko juu, matuta yazuie mmomonyoko. Mabwawa mengi ya Ukambani yaliyojengwa katika miaka ya 1950 yalijaa mchanga uliotoka vilimani.

Kabla ya kila masika, mwenye bwawa autembelee ukuta wake, azibe mashimo ya fuko na kuifyeka njia ya maji. Akiona upande wa chini maji yanavuja, ayakinge katika kikombe. Yakiwa meupe, ayaangalie kila siku. Yakiwa na udongo, ukuta unaliwa kwa ndani: afungulie maji ya bwawa yapungue, na awaonye jirani zake siku ile ile.