UFUNGUO WA SANDUKU LA MZEE NI WA NANI?



Twawauliza swali moja ninyi wanachama wa Kisii na Nyamira ambao kazi yenu ni kutunza wazee, iwe nyumbani kwa watu, iwe wodini, iwe katika makao ya wazee. Kitu cha mzee kikipotea, nani hushikwa kwanza? Jibu mnalo. Hashikwi mtoto wa mzee aliyekuja Jumamosi na gari akaondoka Jumapili. Hashikwi mjukuu anayelala chumba cha pili. Hushikwa mfanya kazi. Mkoba wake humwagwa uani majirani wakitazama, mshahara wake huzuiwa, na kesho yake yuko stendi ya Keroka na nguo zake ndani ya gunia.

Tunaye mwanachama mmoja, jina lake hatulitaji, aliyemtunza mama mzee upande wa Kebirigo kwa muda wa miaka mitatu. Alimwosha, alimpikia, alimgeuza usiku. Siku moja kitambulisho cha mama hakikuonekana, pamoja na pesa za bonasi ya majani chai zilizokuwa zimefungwa katika kitambaa chini ya godoro. Mwenzetu alifukuzwa jioni ile ile bila senti. Siku kumi zikapita, kitambulisho kikapatikana ndani ya koti la kijana wa mama, aliyekuwa amekwenda nacho benki. Pesa mpaka leo hazijaonekana, wala hakuna mtu aliyekuja kumwambia mwenzetu pole.

Lakini sikilizeni maneno aliyosema mama mwenyewe alipoulizwa na jirani. Alisema kwamba tangu zamani ameomba anunuliwe kufuli la sanduku lake, na watoto wakacheka wakamwambia, "Mama, sasa wewe utafunga nini?"

Hapo ndipo penye ugonjwa, ndugu. Mwenye mali hakuulizwa. Watoto walijiamulia kwamba mtu akishazeeka hana cha kuficha. Kumbe ana kitambulisho, ana hati ya shamba, ana zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii apewazo mtu wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa, ana picha ya marehemu mumewe, na pengine ana barua ambayo hataki mkamwana aisome. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutodhulumiwa. Twauliza, heshima gani hiyo ya mtu asiyeweza kufunga sanduku lake mwenyewe?

Na ajabu ni hii. Binti wa mama huyo huyo yuko Minnesota, huko Marekani, ambako watu wengi wa kwetu Gusii wamekwenda na kupata kazi ya kutunza wazee. Katika makao ya wazee ya nchi ile yanayolipwa na serikali kwa mipango yao ya Medicare na Medicaid, tangu Oktoba 1, 2010 kuna fomu ambayo mzee huulizwa anapoingia, tena kila mwaka. Huulizwa apendavyo kuchagua nguo zake, saa ya kulala, na mengine. Moja ya maswali hayo ni kama ni jambo kubwa kwake kuwa na mahali pa kufungia vitu vyake vikae salama. Mzee mwenyewe ndiye ajibuye, na jamaa huulizwa tu ikiwa mzee hawezi kujibu. Aweza kusema ni muhimu sana, au kiasi, au si sana, au si kitu kabisa. Na liko jibu la tano: kwamba ni muhimu kwake, lakini hawezi au hana hiari.

Hatusemi Marekani ni peponi. Fomu haifungi mlango, na karani aweza kutia alama kwenye karatasi na kabati likabaki bila kitasa. Hata hivyo twaona uchungu kwamba mtu wa Nyamira akisafiri maelfu ya maili hukuta mzee wa kigeni akiulizwa habari ya ufunguo wake, na huku nyumbani mama yake mzazi amekaa juu ya jibu la tano miaka mingi, hakuna aliyemwuliza hata la kwanza.

Wako waajiri watakaosema kwamba kufuli ndani ya nyumba ya Kiafrika ni matusi, kwamba mzee hafungi kitu mbele ya watoto wake. Maneno matamu! Mbona wao hufunga vyumba vyao wakirudi Nairobi, na ufunguo huenda nao? Wengine watasema mzee husahau, atapoteza ufunguo. Hilo ni kweli, hupotea. Basi uwekwe ufunguo wa pili kwa mtu ambaye mzee mwenyewe amemchagua, na jina la mtu huyo liandikwe. Kusahau kwa mzee si ruhusa ya kila mtu kupekua.

Lakini liko jambo moja ambalo hatutalipita haraka, kwa kuwa ni letu sisi wa hapa. Sio kila mzee wa Gusii anataka kufuli. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wazee, walichomwa moto na kundi la watu katika vijiji vya Kisii, wakiitwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa shutuma hiyo hiyo. Mama mzee anayekaa peke yake anajua ulimi wa jirani. Anajua kwamba sanduku lililofungwa laweza kuzua neno: anaficha nini mle? Kwa hiyo mwingine atakwambia, "Mwanangu, liache wazi, kila mtu aone ni nguo tu." Huyo naye tumwelewe, ingawa latuchoma moyo kwamba mtu aache mali yake wazi ili asiuawe. Mwingine ataomba vitu vyake vya thamani vikae kwa ndugu yake au kanisani. Kwa sababu hii hatudai kufuli kwa kila mzee kama sare ya shule. Twadai aulizwe, peke yake, bila watoto kusimama mlangoni, na aulizwe tena baadaye kwani mtu hubadili nia.

Na twadai hivi kwa faida yetu pia, hatuoni haya kusema. Mahali mzee ameulizwa, vitu vimeandikwa siku mfanya kazi anapoanza kazi, na ufunguo unajulikana uko kwa nani, hapo si rahisi mtu kuamka asubuhi na kukuita mwizi. Karatasi hiyo itiwe sahihi au dole gumba na mzee, mwajiri na mfanya kazi, na kila mmoja awe na nakala. Kufuli linunuliwe na mwajiri. Bei yake si kitu ukilinganisha na mshahara wa mwezi mmoja anaonyang'anywa mwenzetu.

Mjue pia sheria inavyosema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya kitu kilichopotea ila kitu hicho kilikuwa mikononi mwake kihalali na mfanya kazi amekipoteza kwa makusudi; na hata hapo akate kiasi cha haki. Kifungu cha 41 chasema kabla ya kukufukuza kwa kosa, akueleze kosa hilo kwa lugha unayoifahamu, na akusikilize ukiwa na mfanya kazi mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua. Mwenzetu wa Kebirigo hakupewa hata dakika tano.

Wajumbe wote wa Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo wanaombwa kuwauliza wanachama wao wanaotunza wazee mambo mawili: mzee ana mahali pa kufungia vitu, na je, aliulizwa? Majibu yaletwe kwa maandishi katika mkutano ujao wa tawi. Asiyejua kuandika amwambie mjumbe wake, yeye ataandika.