Gusa, usifinye

Kioo tulichojiundia nyumbani ni skrini kuukuu iliyowekwa nyuma ya kioo kinachopitisha nusu ya mwanga, na Raspberry Pi inayoonyesha saa na ratiba. Tulipokiongezea fremu ya miale ya infraredi ili kiitikie kidole, niliandika juu yake neno nililolizoea kwenye simu: “Bonyeza”. Mama akauliza, “Mwanangu, ndiyo kusema nifinye?” Nikaitika. Akafinya kwa kidole gumba mpaka kona ikapata ufa.

Kosa ni langu. Kinachobonyezwa hutazamiwa kuingia ndani, na kioo hakiingii. Tena fremu ile haidai hata kuguswa: kidole kikikata miale karibu na kioo, amri imepita. Basi hata “gusa” lina uongo kidogo, lakini uongo huo hauvunji kitu.

Hapa kitivoni tunabishana kama tuseme “kioo janja” au “kioo erevu”. Jina halijapasua kioo cha mtu. Wanaotafsiri programu waanze na vitenzi, wavijaribu kwa mtu asiyesoma isimu. Chetu sasa kinasema “Gusa polepole”. Ufa ungalipo, na mama humwonyesha kila mgeni.